Mvua ya Mawe na Nyumba Yangu ya Kator

Nikiwaambia watoto wa siku hizi kwamba nimewahi kuvuta barafu kutoka kwenye paa la nyumba yangu hapa Kator, wanatazamana. Wanafikiri bibi kichwa kimechoka. Juba hii, ambayo kuku anapanua mdomo kwa joto hata kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi! Barafu wanayoijua wao ni ya kununua kwenye mfuko wa nailoni. Basi wacha niandike. Asiyetaka kuamini asiamini. Nyumba ipo, ukuta umesimama, na hao wanaonicheka wamezaliwa ndani yake.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, tumerudi karibuni kutoka Uganda tulikokimbilia vita. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, na watu walikuwa wanarudi kwa malori na kwa miguu, kila mmoja na mkeka wake na kuku wake. Mimi nilirudi na mabinti wawili wakubwa na mtoto mmoja mgongoni. Mume wangu tulimzika huko huko, kwenye milima ya magharibi ya Uganda, tulikokuwa tunachuma chai katika mashamba ya wenyewe. Hiki Kiswahili nacho nilikiokota huko, katikati ya mistari ya chai, kwa sababu wachumaji tulikuwa wa makabila mengi na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

Kwetu mume akifa, mke hatupwi. Ndugu wa mume anamchukua, yeye na watoto, anawaweka ndani ya hosh yake, yaani ua wake, na wanakuwa watu wake. Ni desturi, na mimi siitukani. Imelisha yatima wengi. Lakini sikuitaka. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa na wake wawili tayari na sauti ya kutosha kijiji kizima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamua. Umekaa unamenya muhogo wako, yeye anapita njiani na kuamua huo muhogo umenywe vipi. Nikajiangalia, nikaona kwamba mwanamke aliyevuka mpaka na watoto wake kwa miguu hawezi kuanza tena kuomba ruhusa ya kumenya muhogo.

Marehemu alikuwa ameachiwa kiwanja na baba yake, ng'ambo tu ya njia kutoka kwa shemeji. Nikasema nitajenga hapo. Shemeji akasema mwanamke hajengi. Mambo yakapelekwa kwa mama mkwe wangu.

Huyo mama mkwe alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini ulimi wake haukuwa na ukungu wowote. Alituita wote chini ya rakuba, kile kivuli cha miti na nyasi kilicho mbele ya nyumba, akatusikiliza mpaka mate yakatuishia. Kisha akasema:

"Ajenge. Nyumba yake ikimaliza mvua za mwaka huu imesimama, atakaa kwake na watoto wake, na mtu asimguse. Ikianguka, ataingia kwa shemeji yake, na sitaki kusikia neno tena. Mmesikia?"

Tulisikia. Shemeji akacheka mpaka akafuta machozi.

"Nyumba ya mwanamke! Mvua ya kwanza itaipangusa kama kamasi."

"Tutaona nani atapanguswa," nikasema.

"Wewe mwanamke una mdomo!"

"Nina mikono pia, shemeji."

Basi tukajenga. Mimi na mabinti tulichimba udongo, tukaukanyaga na nyasi zilizokatwakatwa, tukapiga tofali na kuzianika. Hatukuzichoma, maana kuni za kuchoma tanuri zima hatukuwa nazo. Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka hapo. Tofali bichi ni tope lililolala. Likiwa kavu utalipiga na shoka. Maji yakiligusa miguu, linaamka. Juu linalindwa na paa. Hatari iko chini, pale ukuta unapokutana na ardhi. Kwa hiyo mwenye akili huzungushia nyumba yake kibaraza cha udongo ulioshindiliwa na majivu na samadi, kimelala mteremko kidogo, ili maji yakija yateleze kwenda zao.

Paa aliniezekea kaka yangu kwa nyasi nzuri nene. Kibaraza nilijenga pande tatu. Upande wa nne, wa mashariki, ulikuwa bado. Nilisema nitaumaliza wiki ile. Mvua nayo ilikuwa na mpango wake.

Ilikuja mchana, baada ya chakula. Mawingu yalikuwa meusi, lakini tumboni yalikuwa na rangi ya kijani, kama jeraha la siku nyingi. Mimi rangi ile nilikuwa naijua. Nikawaita mabinti, tukaingiza mbuzi, tukaingiza kuku, tukafunga mlango. Kwanza upepo kutoka mashariki, mbio, umebeba vumbi na majani. Kisha jiwe moja juu ya sufuria iliyosahaulika uani: ta! Kisha jingine. Kisha lori zima la kokoto likamwagwa juu ya vichwa vyetu. Binti mdogo aliniambia kitu nikaona midomo yake tu. Mtoto alilia na sauti yake haikusikika.

Halafu ikakoma kama mtu aliyefunga mlango. Tukatoka.

Kator ilikuwa nyeupe. Sisemi ilikuwa na madoa meupe. Ilikuwa nyeupe, njia na mabati na migongo ya mbuzi wa watu. Mawe ya ukubwa wa macho ya ng'ombe yalikuwa yamelala mpaka kifundo cha mguu, na moshi wa baridi unatoka juu yake. Watu walitoka majumbani taratibu, kama wanaotoka kanisani siku ya maziko. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akaonja akasema, "Siyo chumvi." Kisha watoto wakagundua kwamba yanalika, na hapo basi, kelele zilizotoka hujawahi kuzisikia. Jirani yangu, mama wa mapacha, alikuja na mtungi anaujaza kwa kibuyu.

"Leo tunakunywa maji ya baridi kama watu wa serikali!" akaniita. "Njoo uchote, kwa nini umesimama kama mtu aliyefiwa?"

Lakini nilikuwa tayari nazunguka nyumba kwenda upande wa mashariki.

Mawe yote yaliyopiga paa upande ule yalikuwa yameteleza na kujilundika chini ya ukuta, pale pale pasipo na kibaraza. Yalifika kwenye goti langu. Na juu, mahali ambapo nyasi za paa zinakutana na nyasi za rakuba yetu ndogo, palikuwa na bonde, na bonde lilikuwa limejaa. Miti ya rakuba ilikuwa imeanza kupinda. Na mawingu yalikuwa yanakwenda. Jua lilikuwa linakuja, na mimi sijawahi kuliogopa jua vile.

Kule kwenye milima ya chai tulikaa katika chumba cha bibi mmoja mwenye migomba. Mvua ya mawe huko ni kama mgeni wa kila mwaka, inakuja inachana chai yote, inaondoka. Mara ya kwanza nilipoiona nilifurahi kama hawa watoto wa Kator. Yule bibi akanipa ubao mkononi akasema, "Wacha kucheka, fanya kazi. Mawe hayabomoi yanapoanguka. Yanabomoa yanapolia." Nilielewa siku hiyo hiyo, kwa sababu jirani yake alikwenda kuangalia chai yake kwanza, na jioni ukuta wa jiko lake ulikuwa umelala chini.

Sasa mawe yangu yalikuwa hayajaanza kulia, yaani kuyeyuka. Nilikuwa na muda mdogo, wa kupika ugali na kuula.

"Leteni ule ubao wa kusawazishia sakafu," nikawaambia mabinti. "Na mwanzi mrefu uliobaki. Na kamba. Na gunia kuukuu."

Gunia tulilichana vipande, tukafunga miguuni, kila mtu miguu yote miwili. Binti mkubwa alilalamika kwamba watu watamcheka. Nikamwambia atembee bila gunia basi. Akapiga hatua, akateleza kama aliyekanyaga mlenda, akashika ukuta. Akarudi akafunga gunia. Ubao tukaufunga kwa upande kwenye ncha ya mwanzi, ukawa kama reki isiyo na meno. Meno hayatakiwi. Meno yanang'oa nyasi, na paa likishatobolewa umefanya kazi ya mvua kwa niaba yake.

Unaanza juu. Ukianza chini, utasafisha ukuta vizuri, halafu paa litakuletea mzigo mwingine na utafanya kazi mara mbili. Unasimama mbali, kwa pembeni, si chini ya ukingo. Unaupeleka mwanzi juu, unaulaza, unavuta kuja kwako polepole, unachukua kidogo. Mwenye tamaa anataka kuvuta yote kwa mara moja, na yote yanamjia kwa mara moja. Nikamweka binti mdogo mbali, na kazi yake ikawa moja tu: kutazama miti ya rakuba na kupiga kelele ikitoa mlio.

Tulikuwa tumevuta kama nusu ndipo shemeji akatokea. Alikuja na koleo begani na viatu vyake vya tairi miguuni, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Ondoka, ondoka," akasema. "Hii kazi ya wanaume. Nitapanda juu niyasukume."

"Hupandi paa langu."

"Nimekuja kukusaidia, wewe unanitukana?"

"Shemeji, asante. Usipande. Yanateleza, na miti imelemewa. Ukitaka kusaidia, vua hivyo viatu ufunge gunia, ushike ubao."

"Gunia!" Akawageukia watu. "Mmesikia? Anataka kunivalisha gunia kama mahindi!"

Watu wakacheka. Mtu wa namna hiyo ukishamchekea, kazi imekwisha, lazima aendelee. Akageuza kinu changu cha kutwangia, akakipanda, akashika ukingo wa paa, akainua mguu. Kiatu cha tairi kilikanyaga mawe. Sikuona vizuri kilichofuata, niliona tu kwamba shemeji alikuwa juu halafu akawa chini, amekaa matako ndani ya barafu, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayesubiri uji. Koleo lake likaja baadaye, peke yake, likatua kando. Kisha kipande cha paa alichokishika kikamwagia mzigo wake wote kichwani.

Kisha mama wa mapacha akauliza kwa upole kabisa:

"Bwana, ni baridi?"

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika mpaka ng'ambo ya Nili. Hata shemeji mwenyewe midomo ilimcheza. Lakini alipoinuka alikuwa amekasirika tena, akachukua koleo akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mashariki kukwangua. Nikamkimbilia, nikashika mpini.

"Chuma hakigusi ukuta wangu."

"Yataondokaje basi, kwa maombi?"

"Kwa ubao, na kwa mikono. Ukuta umelowa ngozi yake. Ukipitisha chuma unachuna, na kilicho ndani ni tope."

Alinitazama. Tulikuwa tumeshika mpini wote wawili, mbele ya watu. Wote pale walikuwa wanajua maneno ya mama mkwe, kwa hiyo wote walijua tunachoshikilia si mpini. Akauachia.

"Sawa. Ikianguka usinililie. Godoro lako utalileta mwenyewe."

"Ikianguka nitalileta mwenyewe," nikasema.

Tukamaliza paa. Miti ya rakuba ikanyooka mgongo, niliisikia inavyopumua. Kisha tukashuka ukutani. Hapo pia kuna namna yake. Huchukui kutoka nje kuja ndani. Unaanza kwenye ukuta wenyewe, unaingiza mikono kati ya ukuta na mawe, unayatenga, ili ukuta upate nafasi ya hewa, nafasi ya kiganja tu inatosha kuanza. Kisha unasukuma kutoka hapo kwenda mbali. Tulisukuma kwa ubao, tukajaza mabeseni nusu nusu. Binti mkubwa alitaka kujaza beseni zima ili amalize haraka, nikamkataza. Barafu ni maji, na maji ni mazito. Mgongo ukikatika leo, kesho nani atanishikia ubao? Unachuchumaa, unainuka kwa miguu, unakwenda kumwaga upande wa chini, kwenye mtaro unaoelekea njiani. Humwagi kwa jirani. Jirani naye ana ukuta.

Mikono ilikufa. Nilikuwa siioni kama ni yangu. Tukapokezana, wawili wanafanya, mmoja anaipasha kwapani. Mama wa mapacha aliacha mtungi wake, akaja bila kuitwa, akafunga kanga yake kiunoni, akaanza kusukuma.

"Mimi ukuta wangu je?" akauliza katikati ya kazi.

"Wako una kibaraza pande zote. Lakini ukimaliza hapa tutaenda kutazama."

Mwishowe nikachimba kwa jembe kifereji chembamba, mbali hatua ya mtu mzima kutoka ukutani, ili yale mabaki yakilia, machozi yapate njia. Jua lilikuwa tayari limetoka na Kator yote ilikuwa inachuruzika. Nikapiga magoti nikaweka kiganja chini ya ukuta. Baridi. Unyevu. Lakini mgumu. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, haukubonyea. Nikakaa hapo chini nikacheka peke yangu.

Sasa shemeji, hasira yake ilipokwisha, alipata wazo. Aliona lile lundo langu njiani, kubwa, safi, bado gumu. Na kesho yake alikuwa ameita wenzake kunywa marisa, pombe yetu ya mtama. Marisa ya baridi Kator! Nani alikuwa amewahi kuinywa? Akatuma binti zake na mabeseni.

"Kwa kuwa unayatupa, nitayachukua mimi," akaniambia.

"Chukua yote. Utayaweka wapi?"

"Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Nitayafunika na magunia na nyasi. Nimewaona madereva wanavyofunika samaki. Yatafika kesho."

"Kwenye kivuli wapi?"

"Kivuli cha ukuta! Kivuli kingine kiko wapi?"

"Shemeji, nisikilize. Usiyaegemeze ukutani. Yaweke katikati ya ua, yafunike huko."

"Kwenye jua?"

"Yakiyeyuka, marisa itakuwa ya moto, hilo tu. Ukiyaegemeza ukutani—"

"Wewe!" Akainua kidole. "Umeshanifundisha paa. Umeshanifundisha koleo. Sasa unataka kunifundisha kivuli?"

Nikachukua ubao wangu nikaenda kuuosha. Mtu akishaambiwa mara mbili, ya tatu ni kumtukana.

Lazima niseme ukweli, alifunika vizuri. Kesho yake saa sita mchana barafu ilikuwa bado ipo, na wageni wake walikaa mbele chini ya rakuba wanapitisha kibuyu, wanashika meno kwa baridi na kupiga mayowe ya furaha. Shemeji alikuwa anazunguka na beseni la mawe kama askofu. Aliponiona ng'ambo ya njia aliinua kibuyu.

"Shemeji! Njoo uonje kivuli!"

Lakini barafu iliyofunikwa haiachi kulia. Inalia chini ya gunia, pole pole, mahali pasipoonekana. Ilikuwa imelia usiku kucha na asubuhi yote kwenye miguu ya ukuta wake, na yeye nyuma hakuwa na kibaraza, kilikuwa kimekwisha kuliwa na mbuzi na miaka.

Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa sauti kama ng'ombe anayelala: fuuu. Vumbi halikuruka, maana hapakuwa na vumbi, palikuwa na tope. Ukuta wote wa nyuma uliketi chini, kwa adabu, na paa likainamia upande ule likakaa juu yake. Wageni wakaruka. Mtungi wa marisa ukapinduka. Mke mkubwa alitoka mbio anahesabu watoto kwa vidole, akawaona wote njiani wanacheza, akakaa chini akajishika kichwa. Hakuna mtu aliyekuwa ndani. Mungu ni mkubwa. Kitanda cha shemeji ndicho kilichoumia.

Nilivuka njia. Nilimkuta amesimama na lile beseni bado mkononi.

Sikusema kitu. Wanangu wanaonijua hawaamini sehemu hii kuliko hata ile ya barafu.

Mchana wote mimi na mabinti tulisaidia kutoa vyombo, kwa kupitia mbele, na sikumruhusu mtu yeyote kusimama chini ya paa lililoinama. Shemeji nilimwambia, "Usiingie huko," na hakuingia. Jioni mawingu yakaanza kujikusanya tena. Nikarudi kwangu kupika. Ndipo mke mkubwa wa shemeji akatokea mlangoni, mzigo kichwani, mtoto mkononi, wengine nyuma yake kama bata, na mke mdogo mwisho amebeba sufuria.

"Mke mwenzangu," akasema, na akaanza kucheka kabla hajamaliza. "Miezi yote hii nakusubiri uje kwangu. Sasa ni mimi nimekuja kwako."

"Karibu. Sufuria weka pale. Watoto wamekula?"

"Wamekula barafu."

Tukatandika mikeka ukuta kwa ukuta. Mvua ikaanza, mvua ya kawaida, ya maji. Nikatoka kuchungulia kifereji changu, nikamwona shemeji amesimama njiani, chini ya mvua, amejifunika gunia kichwani. Gunia kabisa! Lile la kufunikia barafu. Hakuwa anataka kuingia, na hakuwa na mahali pengine.

"Shemeji," nikaita. "Ingia ndani."

"Niko sawa hapa."

"Umelowa miguu. Kitu kikilowa miguu kinaanguka. Ingia."

Akaja taratibu. Alipofika kizingitini nikanyoosha mkono nikamzuia.

"Pangusa kwanza," nikasema.

Alinitazama, nikaona amekumbuka neno lake la kamasi. Akainama akapangusa miguu, mmoja, na wa pili, kwa gunia lake. Akaingia. Ndani, nyuma ya mgongo wangu, wake zake walikuwa wameziba midomo kwa kanga.

Walikaa kwangu mpaka ukuta wao uliposimama tena. Tuliujenga pamoja, na kibaraza chake nilikisimamia mimi mwenyewe, pande zote nne, na shemeji alishindilia pale nilipomwonyesha. Aliuliza mara moja tu kwa nini majivu. Nikamwambia. Akaendelea kushindilia. Upande wangu wa mashariki naye ndiye aliyenimalizia, bila kuombwa, na alishindilia kwa nguvu kuliko wa kwake.

Mvua zilipokwisha na nyasi zikaanza kukauka, mama mkwe akatuita tena chini ya rakuba, wote, kama mara ya kwanza. Akakaa, akaweka fimbo magotini.

"Nilisema neno," akasema. "Macho yangu hayafiki tena huko. Nani ataniambia, nyumba imesimama au imeanguka?"

Nikafungua mdomo. Fimbo ikainuka.

"Siyo wewe. Mwenye nyumba hasifii nyumba yake."

Watu wakatazama chini. Wengine walikuwa wanauma midomo. Shemeji akakohoa, akasimama, akavuta shati lake.

"Mama, imesimama."

"Umeiona wewe mwenyewe?"

"Nimeiona."

"Kwa nje tu? Nje inadanganya."

Akajikuna kisogo. Kisha akacheka, kile kicheko chake kikubwa cha zamani, nilikuwa nimekaribia kukisahau.

"Mama, nimelala ndani yake mvua nzima! Haivuji hata tone!"

Basi hapo hata kuku walitimka kwa kelele. Mama wa mapacha, ambaye hakuwa hata wa ukoo wetu na hakuna aliyemwita, alipiga vigelegele kutoka uani kwake. Mama mkwe aliomba ashikwe mkono. Tukavuka naye njia polepole mpaka upande wa mashariki. Akatafuta ukuta kwa kiganja, akateremka nao mpaka chini, akapapasa kibaraza. Kisha akarudi nyuma hatua moja, yule mzee mwembamba, akaupiga ukuta wangu teke.

Ukuta ulinyamaza. Yeye akashika mguu wake.

"Akae kwake," akasema, na uso umejikunja kwa maumivu. "Na mtu asimguse."

Nikaingia ndani kwangu nikachukua kinu, nikakigeuza mdomo juu, nikaanza kutwanga mtama wa kuwapikia wote.